Neno Kukauka na Mguu wa Mama Wafula

Nyinyi hamjui mlio wa shashi kavu ikibanduliwa kwenye kidonda. Ni mlio mdogo tu, kama mtu anayechana kitambaa kizee polepole, na baada yake hufuata nduru. Mimi niliusikia kila asubuhi kwa zaidi ya miaka ishirini, nikauzoea hata nikawa nakunywa chai huku ukiendelea. Juzi nilipita pale kituoni nikawakuta mnafunga miguu ya watu na chumba kimetulia. Mgonjwa mmoja alikuwa anawaonyesha picha za mjukuu wake kwenye simu, anacheka, na mguu wake uko mikononi mwenu. Nilisimama mlangoni nikawaonea wivu. Nalisema mapema ili msije mkadhani mzee Makokha amekuja kuwafundisha kwa roho safi.

Sista Amoit, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu, ameniomba niandike kidogo kuhusu siku zangu katika chumba cha vidonda, ili nyinyi mnaoanza kazi msome. Aliniambia, "Andika tu vile ulikuwa unatuongelesha, daktari. Chekesha hawa watoto." Nitajaribu kuchekesha. Lakini kuna jambo moja ambalo hata yeye halijui mpaka leo, nami nitalifikia.

Kwanza, mimi si daktari. Ni muuguzi, ila huku kwetu mwanamume akivaa koti jeupe ni daktari na mwanamke ni sista, hata kama huyo sista ndiye anayejua zaidi. Kituo chetu mnakijua, na wagonjwa wake hawajabadilika: ni watu wa foleni ya malori ya Malaba. Wauza chai, wauza mayai ya kuchemsha, makuli, akina mama wanaofua mashuka ya loji. Hawa ni watu wa kusimama kutwa. Mguu unaosimama kutwa huvimba, mishipa yake huchoka kurudisha damu juu, ngozi karibu na kifundo hugeuka nyeusi na kuwa ngumu, kisha siku moja mtu anajigonga kidogo tu na kreti ya soda. Ngozi inafunguka na haifungi tena mwaka huu wala ujao. Hilo ndilo donda ndugu, na jina limelifaa, maana linahamia kwako kama ndugu asiyetaka kuondoka.

Jina langu la kazi lilikuwa Daktari Kausha. Nililipenda sana. Kutoka Busia mpaka Malaba nadra kumsikia mtu akisema kidonda kimepona. Anasema kimekauka. Mgonjwa akiingia, kabla hajaketi vizuri, anauliza, "Daktari, hii kitu itakauka lini?" Akikutana na jirani njiani, jirani anamuuliza kama mguu umekauka. Nami nililiamini neno hilo kuliko kitabu chochote. Ikiwa kupona ni kukauka, basi kazi yangu ilikuwa kukausha, na nilikausha kwelikweli. Nilipaka spiriti. Nilimimina ile dawa inayochemka povu na kufurahia povu lake. Niliweka shashi kavu juu ya nyama mbichi, ikagandana nayo, na siku ya pili nikaivuta. Niliwatuma watu wakakae juani na mguu wazi. Wengine walifungua kapsuli za antibiotiki, zile za rangi mbili, na kujinyunyizia unga wake, nami sikuwakataza, kwa sababu unga nao hukausha.

Na kweli vidonda vilikauka. Vilifanya gamba gumu jeusi, mtu akaenda nyumbani na furaha yake. Chini ya gamba usaha ulikuwa unachimba kimya kimya, na baada ya wiki mbili yule mtu alirudi na shimo kubwa kuliko lile la kwanza. Nilimwambia hakukaa juani vya kutosha.

Aliyenifundisha hayo alikuwa mzee Ekirapa, muuguzi wa zamani mwenye mikono mipana. Alikuwa ananisimamia begani akisema, "Vuta mara moja. Akipiga nduru, ujue umefika." Hakuwa mtu mbaya. Alifundishwa hivyo na yeye akanifundisha hivyo. Siku moja dereva mmoja wa lori kutoka ng'ambo ya mpaka alivutwa shashi mara moja, akaruka kitandani na koleo letu likining'inia mguuni, akakimbia mpaka barabarani akipiga kelele, "Ssebo, bwana, wataniua hawa!" Tulicheka wiki nzima, mimi na Ekirapa. Yule dereva hakurudi tena. Tulipoteza koleo, na sijui mguu wake uliishia wapi.

Sasa Mama Wafula. Mkishuka kutoka kituoni mpaka pale malori yanapoanza kupanga foleni, mtamwona bado, mama mwenye leso mbili na jiko la makaa. Kidonda chake kilikuwa upande wa ndani wa mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Alikuja kwangu kila Jumanne na Ijumaa kwa miaka minne. Alikuwa anauma pembe ya leso, kila mara pembe ileile, mpaka ikatoboka. Nikimaliza, anajipangusa machozi, anafungua chupa yake ya chai ya tangawizi, na kunimiminia kikombe. "Kunywa, daktari wangu," anasema. Mtu uliyemliza sasa hivi anakumiminia chai! Nilidhani hiyo ndiyo heshima ya kazi. Katika kituo chote hakuna mwingine aliyekuwa anapewa chai hiyo, hata mkubwa wetu, nami nilihakikisha anaiona.

Ndipo akaletwa Amoit.

Alikuja mwembamba, raba nyeupe miguuni, na saa ya mkononi anayoitazama kila dakika. Tuligawana chumba kwa pazia: mimi upande wa dirisha, yeye upande wa ukuta. Siku ya kwanza nilimcheka. Alimpokea mgonjwa, akampa dawa ya maumivu, kisha akamrudisha nje kwenye benchi akae nusu saa! Mimi kwa nusu saa nilikuwa nimemaliza wanne. Halafu alichukua maji yaliyochemshwa, yenye chumvi ya kupimwa, yakiwa na uvuguvugu, akayamwaga juu ya shashi ya zamani na kusubiri. Nikachungulia pazia nikamuuliza kama anaosha kidonda ama anakipika.

"Naloweka, daktari," akasema. "Kama maharagwe."

Mgonjwa akacheka. Kicheko kutoka kwenye kitanda cha vidonda! Shashi ilipolegea, Amoit alimwachia mgonjwa mwenyewe aitoe ile ya mwisho. "Ukisema simama, nasimama," alimwambia. Kisha akaweka shashi iliyopakwa mafuta ili isigande, akapaka ngozi ya pembeni ili isiloane, akafunika, na kufunga bendeji ndefu ya kuvutika kutoka kwenye mzizi wa vidole mpaka chini ya goti. Kabla ya kufunga alikuwa ameweka vidole viwili upande wa juu wa wayo, ametulia, anatafuta mpigo wa damu. Hapo nilidhani anaomba.

Hilo la vidole viwili mlishike sana, watoto wangu, maana mimi nililidharau. Bendeji ya kubana ni dawa kwa mguu unaovimba kwa damu iliyotuama. Kwa mguu usiopata damu ya kutosha, huo wa baridi, usio na mpigo, unaouma zaidi ukiinuliwa, bendeji hiyohiyo inaua nyama. Ukikosa mpigo, ama ukiwa na shaka, usibane, mpeleke mgonjwa hospitali kubwa akapimwe. Na ukifunga, mwambie mtu: vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, fungua hapo hapo, usingoje kliniki.

Nilimwonea wivu tangu wiki ya kwanza. Wazee wa Kiteso walikuwa wananisalimia mimi kwa Kiswahili cha kujikaza, yeye walimpigia "Yoga!", salamu ya kwao, kutoka getini na akawajibu kwa lugha yao, wakaongea mpaka wakasahau kwamba wamekuja kuumizwa. Nilianza kuhesabu vichwa kwenye benchi. Mgonjwa aliyekaa mwisho wa kulia alikuwa wangu, wa kushoto wake, na nikaona kushoto kunajaa, kulia kunabaki nafasi ya kulala. Nilimwendea mkubwa wetu nikamwambia yule msichana anamaliza shashi. Mkubwa akaangalia stoo, akakuta mimi ndiye ninayemaliza, kwa sababu Amoit anafunga mara mbili kwa wiki na wagonjwa wengine wangu nilikuwa nawafungua kila siku. Roho iliniuma siku hiyo, acheni tu.

Nilikwenda matangani Butula siku nne. Niliporudi ilikuwa Ijumaa, na Mama Wafula alikuwa ameketi upande wa kushoto.

"Daktari, usikasirike," aliniambia hata kabla sijafungua mdomo. "Jumanne huyu sista alinifunga. Nimelala siku tatu, daktari. Nimelala! Wacha nimuone tena leo tu."

Leo tu ikawa miezi mitatu. Nilikuwa nasikia kutoka nyuma ya pazia akisimulia mambo ya madereva, na Amoit akicheka. Chupa ya chai ilikuwa inafunguliwa upande ule. Kikombe changu bado kilikuja, nisiseme uongo, lakini kilikuja cha pili, kimepoa, kimebebwa na Amoit mwenyewe. "Mama amesema nikuletee." Nilikunywa kwa uchungu. Nyinyi mnaweza kucheka kwamba mtu mzima aligombana na kikombe cha chai. Chekeni, lakini siku moja atakuja mwingine nyuma yenu mwenye mikono myepesi kuliko yenu, na hapo mtajua tangawizi inavyowasha.

Mama yake Amoit aliugua, naye Amoit akapewa ruhusa ya wiki mbili na siku kadhaa. Jumanne Mama Wafula alikuja, akatazama huku na huku.

"Sista yuko wapi?"

"Hayuko. Niko mimi."

"Sawa, daktari wangu."

Hilo "wangu" lilinipanda kichwani. Nilifungua bendeji. Kidonda ambacho kwangu kilikuwa kikubwa kama kiganja, sasa ungekifunika kwa vidole viwili. Chini kilikuwa chekundu safi, na pembeni ngozi mpya laini ilikuwa inatambaa kuingia ndani. Kilikuwa na unyevu kidogo, unaong'aa. Sitawadanganya kwamba sikujua ninachokiona. Nilikuwa nimechungulia pazia miezi mitatu, na Amoit alikuwa amenieleza mara nyingi, bila mimi kumuuliza, kwamba ngozi mpya haitembei juu ya mahali pakavu. Nilijua. Lakini nilimtazama Mama Wafula nikasema, "Bado hakijakauka."

"Ni kweli, hata mimi naona iko maji maji," akasema. "Lakini sista anasema ni sawa hivyo."

"Sista ni mtoto. Mimi nitakikausha, akirudi akute kazi imeisha."

Nikachukua spiriti. Mama Wafula hakuwa amebeba ile leso iliyotoboka. Hakuwa ameihitaji kwa miezi. Akauma mkono wake. Nduru iliyomtoka iliwageuza watu wote wa benchi. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo: nilipoisikia nduru ile, moyo wangu ulitulia. Niliona chumba kimerudi kuwa changu.

Nikamwambia asifunge tena ile bendeji ya kubana, akae juani kuanzia saa nne, na akipata kapsuli anyunyize unga. Alinisikiliza kila neno. Alikuja Ijumaa, akaja Jumanne, kila mara nikipaka, nikikausha. Wiki ya pili gamba lilikuwa limeshika, jeusi, gumu. Alifurahi akaonyesha foleni nzima ya malori mguu wake. "Imekauka! Daktari wangu ameikausha!" Madereva wakampongeza. Akaja na chupa, akanimiminia mimi kwanza. Sijawahi kunywa chai tamu namna ile, na najua nikisema hivyo ninajianika.

Amoit alirudi Jumatatu. Jumanne Mama Wafula aliletwa na bodaboda, ameshikwa huku na huku. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, mwekundu, wa moto, na yeye anatetemeka kwa homa. Amoit akaloweka gamba, akangoja, akaliinua. Sitaeleza kilichotoka. Mimi nilikuwa nimeshika trei pembeni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani amekausha hii?"

Nikasema, "Mama alikaa juani. Hawa wagonjwa wetu, ukiwageuzia mgongo kidogo tu, wanafanya yao."

Mama Wafula alikuwa amelala, kichwa upande wangu. Alinitazama. Kisha akamgeukia Amoit.

"Ni mimi, sista. Joto ilikuwa mingi. Nikatoa bendeji nikakaa kwa jua. Nilitaka ikauke."

Amoit alikuwa amechoka na amekasirika. Miezi mitatu ya kazi yake ilikuwa kwenye trei niliyoishika. Alichukua kitabu cha hospitali cha Mama Wafula, lile daftari dogo ambalo kila mgonjwa wetu hununua na kutembea nalo, akaandika kwa kalamu nyekundu: Mgonjwa hafuati maagizo. Akapiga mstari chini yake. Halafu akaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa, na gari likaja likamchukua.

Mnataka kujua nilisikia nini? Nilisikia furaha. Alinichagua mimi! Kati yangu na Amoit, amemdanganya Amoit kwa ajili yangu. Nilitembea na furaha hiyo mpaka getini, na ndipo nikarudi nikaketi kwenye benchi, upande wa kushoto kama mgonjwa.

Alilazwa wiki tatu. Habari iliyotufikia ni kwamba usaha ukipanda zaidi, itabidi mguu ukatwe. Mama huyu anaishi kwa kusimama. Ana jiko, ana sufuria, ana madereva wanaomjua kwa jina, na vyote hivyo vimesimama juu ya miguu miwili. Wiki hizo kila gari lililopunguza mwendo getini lilinitoa nje. Nilikuwa naona mbele yangu leso mbili na mguu mmoja. Nilijiambia kila asubuhi kwamba leo nitamwambia Amoit, na kila jioni nilivua koti nikaenda nyumbani.

Mguu haukukatwa. Dawa zilishika, akaruhusiwa, akarudi kwetu na kidonda kipana kuliko kile cha mwanzo kabisa. Tulianza upya. Nasema tulianza, kwa sababu nilimwendea Amoit nikamwambia anifundishe njia yake. Alifurahi mpaka akanishika mkono. Alidhani ni unyenyekevu.

Somo lake la kwanza liko mguuni kwangu hadi leo. Alinibandika plasta pana kwenye muundi, palipo na nywele, akasema nikae nayo mpaka saa tisa. Saa tisa akaja na birika. "Daktari, nivute mara moja vile Ekirapa alikuwa anasema, ama niloweke?" Wagonjwa wote wa benchi walikuwa wameingia kutazama. Kwa kiburi nikasema avute. Nilipiga nduru, wanangu, ilisikika mpaka maabara. Mama Wafula alicheka hata akashika mbavu, na kipande kile cha muundi hakijaota nywele vizuri tena.

Hapo ndipo nilipojifunza. Nilijifunza kumuuliza mtu kwanza, maumivu ni ngapi kwa kumi, na kumwamini akijibu. Nilijifunza kwamba mtu anayeogopa Jumanne halali Jumatatu, hali chakula vizuri, na siku nyingine haji kabisa, na mwili usiolala wala kula unajenga ngozi kwa kitu gani? Nilijifunza kuchora kingo za kidonda juu ya karatasi ya plastiki inayoonyesha ndani, kila wiki mbili, ili tupime kwa kuchora na tusipime kwa kutamani. Kila nilipovuta shashi kavu nilikuwa nimevuta na ngozi mpya. Kwa miaka yote ile nilikuwa nabomoa Jumanne kile ambacho mwili umejenga tangu Ijumaa, halafu naulaumu mwili kwa uvivu.

Mama Wafula alikuwa mwanafunzi mzuri kutupita sote. Tulimwambia ainue mguu, akageuza kreti ya soda, akaweka leso juu, na kuanzia hapo akawa anauza chai ameketi, mguu umekaa kama mgeni wa heshima. Akisimama kumimina, anapanda na kushuka kwa vidole vya miguu ili misuli isukume damu. Dereva mmoja alimuuliza, "Nyabo, mama, unacheza ngoma gani?" Akamjibu, "Ya daktari wangu." Sikujua ni daktari yupi, na niliona haya kuuliza.

Ilichukua karibu mwaka mzima. Siku ngozi ilipokutana na ngozi, Amoit aliita kituo chote. Mama Wafula akasema, "Imekauka!"

"Hapana, mama," Amoit akasema huku akicheka. "Sisi tunasema imefunga. Ikikauka ni mbaya. Ikifunga ndiyo imepona."

Mama Wafula alinitazama mimi. "Haya. Imefunga," akasema. Akatoa chupa, akammiminia Amoit kwanza, na katika siku hiyohiyo, baada ya yote hayo, wivu ulinichoma tena.

Nyinyi mnamaliza hapo na mnaona ni hadithi nzuri. Lakini mstari ule mwekundu ulibaki kwenye kitabu. Kila Mama Wafula alipokwenda mahali, kwa malaria, kwa macho, kwa jino, mtu mwenye koti jeupe alifungua kitabu na kuusoma. "Mama, wewe ndiye hufuati maagizo?" Walimwongelesha kwa sauti ya juu kama kiziwi. Kitabu kilipojaa akanunua kingine, na mtu fulani mwangalifu akanakili mstari uleule kwenye ukurasa wa kwanza. Mara moja mwanafunzi aliusoma mbele yangu, kwenye meza yangu, na Mama Wafula akiwa ameketi hapo. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kalamu. Nilistaafu hivyo.

Juzi hiyohiyo, kabla sijafika kwenu, nilikwenda na karatasi hizi, zikiwa bado hazijaisha, kwenye foleni ya malori nikamsomea. Ana soksi ya kubana, mguu uko juu ya kreti, na kovu ni jeusi, limetulia. Alisikiliza huku akikanda unga wa chapati. Nikamuuliza kwa nini alinifichia siri siku ile.

"Daktari, wewe ulikuwa na wivu mpaka spiriti ilikuwa inamwagika kwa sakafu," akasema. "Mimi nilijua sista akinikasirikia, bado atanifunga mguu. Sasa akikukasirikia wewe, ni nani angekufunga?"

Akafuta mikono, akanimiminia chai. Kisha akatoa kikombe cha pili, akakifunika na sahani, akaniambia nimpelekee Sista Amoit kabla hakijapoa. Nikakibeba njia nzima mpaka kituoni kwenu, nikiwa na wivu wangu, na ndiyo sababu juzi mliniona nimesimama mlangoni kwa muda mrefu.

Sista Amoit, nimekuletea chai, sasa nakuletea na hili. Mama Wafula atakuja Jumanne kupimwa soksi mpya, na kitabu chake atakuwa nacho. Kalamu nyekundu iko kwenye droo yako ya juu. Futa mstari ule, na mahali pake andika kwamba mgonjwa alifuata maagizo yote, na maagizo yalikuwa ya Makokha.